Mama Mkwe Hakai Kiti cha Mbele

Mimi ni mtu wa viti. Wengine ukiwaonyesha gari watauliza injini ni ya ukubwa gani, linakunywa mafuta kiasi gani, limeshagongwa mara ngapi. Mimi nafungua mlango, naketi, nafumba macho, nangoja kiuno kiseme. Nimelishwa na usukani katika mabara matatu, na ukinianzishia habari za saluni za wastani, zile za milango minne na buti nyuma, utajuta kwa nini uliuliza. Mke wangu husema kama kiti kingejua kupika, yeye nisingemwoa.

Kwa hiyo niliporudi Migori na kununua gari langu mwenyewe, nilijiona mtaalamu. Na utaalamu huohuo, nakiri, nusura umuue mama mkwe wangu.

Wacha niseme hali ilivyokuwa. Mama mkwe anaishi Magunga, mjane, katika boma alilomwachia marehemu mumewe. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Daktari wa Homa Bay hakuzungusha maneno: mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, damu yake lazima isafishwe kwa mashine, kwa muda wa saa nne kila mara. Asipoenda atavimba, maji yatajaa mapafuni, atakufa. Wakamwekea mrija kifuani, chini kidogo ya bega la kulia, wa kumuunganisha na hiyo mashine. Kutoka Magunga hadi Homa Bay, kwa kupitia Sindo na Mbita, ni mwendo wa saa mbili kama barabara na ng'ombe wamekubali. Kwa magari ya abiria alikuwa akifika hoi. Akirudi alilala siku mbili ndipo aweze kusimama, na siku mbili zikiisha ni siku ya kwenda tena.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini asihamie kwetu. Haiwezekani. Kwao mama halali nyumbani kwa binti yake aliyeolewa, wala mkwe halali kwa mama mkwe. Mimi ni Mkuria wa Kegonga, mke wangu ni Mjaluo wa Magunga, na katika jambo hili makabila yetu mawili hayana ugomvi, maana hata kwetu mama mkwe ni mtu wa kuonwa kwa mbali. Humgusi, huketi karibu naye, humkodolei macho, hamli meza moja. Wenyewe huita luor, yaani heshima, na si neno la mzaha. Mtoto wake wa kiume ni mmoja tu na yuko Mombasa bandarini. Mke wangu ni mwalimu hapa Migori mjini na darasa halimwachi. Mwenye gari na nafasi ni nani? Nikasema nitampeleka mimi, mpaka Mungu aseme vingine. Usiku wa kuamkia safari ningelala gesti Sindo, alfajiri nimfuate.

Sasa, ili uelewe kosa langu, lazima nikupitishe kwanza Doha, kisha Uingereza.

Doha niliendesha saluni kubwa za kuwabeba wageni, miaka minne. Viti vya ngozi nyeupe, na chini yake kuna feni inayokupuliza baridi makalioni. Barabara imenyooka na kulainika hivi kwamba unaweza kuweka kikombe cha chai kwenye dashibodi kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini, na kisimwagike. Starehe ilikuwepo, sikatai. Lakini madereva wa kule! Uko kwenye mwendo wa mwisho unaoruhusiwa, mara nyuma yako mtu anakumulika taa, puu, puu, puu, utadhani ameacha maharagwe motoni. Ukimpisha, unamkuta kwenye taa nyekundu inayofuata, amesimama kama wewe.

Abiria kule huketi nyuma. Mbele ni kwa dereva na chupa yake ya maji. Siku moja nilibeba bwana na mkewe na mama mzee, na kabla hatujaondoka yule bwana aliinama mbele akakigeuza kioo changu cha katikati kikatazama dari. Niliudhika siku hiyo, wallahi niliudhika, kwa sababu sikuwa nimewatazama wala sikuwa na haja. Baadaye nikazoea. Nikawa nakigeuza mwenyewe kabla sijaombwa.

Uingereza mambo yakageuka. Huko nilikuwa mlezi wa wazee, na sehemu ya kazi ilikuwa kuwapeleka hospitali kwa saluni moja kuukuu ya rangi ya majivu. Kiti chake kilikuwa kigumu, kimetengenezwa na mtu aliyeamini mgongo unahitaji nidhamu. Ila kilikuwa na joto. Unabonyeza kitufe na baada ya dakika mbili unahisi moto huko chini, na mara ya kwanza nilifikiri nimejikojolea. Nilishuka nikajikagua kando ya barabara, mvua ikininyeshea.

Na adabu za barabarani kule! Kijijini, njia ni nyembamba, magari mawili yakikutana kila mmoja anamsihi mwenzake apite. Pita wewe. Hapana, tafadhali pita wewe. Ukipita unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na yeye anainua chake, na kama hukuinua, umemtukana. Nimewahi kumchelewesha mzee miadi ya daktari kwa sababu ya heshima. Hasira zao wanazo, lakini hufungia ndani ya vioo, unaona midomo tu inacheza.

Huko mzee huketi mbele, pembeni ya dereva, kwa sababu ndicho kiti kinacholala vizuri na chenye nafasi ya miguu. Na sheria ya kazi yetu ilikuwa moja: gari haliondoki mpaka wewe mwenyewe umemfunga mzee mkanda. Unafungua mlango wake, unainama, unavuta mkanda, unaupitisha juu ya mapaja yake, unausukuma kiunoni mpaka ulie, chak. Miaka mitatu. Mara sita, mara nane kwa siku. Mikono ikajifunza, ikaacha kuniuliza.

Gari langu la Migori ni saluni ya wastani, mtumba kutoka Japani, ya kijivu. Viti ni vya kitambaa na ni laini ajabu, unazama kama kwenye kochi la mtu anayekupenda. Kila nikiwasha injini, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi ikisema maneno ya Kijapani, kwa upole, na sijapata fundi aliyeweza kuinyamazisha. Tatizo ni tumbo la gari, liko chini mno. Matuta ya barabarani Migori ameyapanga mtu mwenye chuki na saluni, na kila moja lazima ulipande kimshazari kama kaa. Halafu kuna lugha yetu. Lori likikuwashia taa ya kulia ujue linakukataza kupita, si kwamba linakata kona. Dereva wa mbele akikumulika, kuna askari. Ukikuta matawi mabichi yametupwa barabarani, kuna gari limeharibika kwenye kona. Na honi yetu si ya hasira tu, ni ya salamu pia, nikitoka mjini hadi Awendo napiga zaidi ya ishirini na sijagombana na mtu.

Basi Jumanne ya kwanza tulienda Magunga mimi na mke wangu, ambaye alikuwa ameomba ruhusa siku hiyo. Nilikuwa nimejiandaa. Kiti cha mbele nilikirudisha nyuma na kukilaza hadi nusu, nikaweka mto wa shingo, nikaweka mto mwingine wa kiuno. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba hata kule Ulaya hawajapata huduma kama hii. Mama akatoka nyumbani, amefunga kitambaa kichwani, anatembea polepole, miguu imevimba. Akalitazama gari. Akakitazama kile kiti. Akasimama.

Nilidhani ni maumivu. Kumbe alikuwa anangoja mtu amwonyeshe mahali pengine pa kukaa. Mke wangu alikuwa amerudi ndani kuchukua mkoba wa dawa. Majirani wawili walikuwa wamesimama uani kuaga. Mama hakutaka kunikatalia mbele za watu, akaingia, akaketi ukingoni, nusu yake nje. Nami, Mungu wangu, mikono ikafanya kazi yake. Niliinua miguu yake nikaiingiza ndani. Niliinama, nikavuta mkanda, kichwa changu kikapita mbele ya kifua chake, mkono wangu ukapita juu ya mapaja yake hadi kiunoni. Chak. Nikamwambia kwa ile sauti tunayofundishwa, ya kuwasemesha wagonjwa, kwamba sasa yuko salama.

Majirani waligeuza nyuso zao kama watu walioona mtu uchi. Mama alibaki amekauka, macho mbele. Kisha akaanza kuuvuta mkanda kwa mikono miwili, hajui unafunguliwaje, na mimi, mpumbavu, nikaingiza mkono kumsaidia. Alijitoa hivyohivyo, akiupitisha kichwani, akashuka, akaenda ndani, akafunga mlango. Mke wangu alipotoka na mkoba aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimemfunga mkanda tu. Akaweka mkono mdomoni, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mama hakwenda Homa Bay Jumanne hiyo. Ijumaa pia hakwenda, si kwangu wala kwa gari la abiria. Alimwambia binti yake kwamba maisha yake yote hakuna mtu aliyekuwa na la kumsema, na hawezi kuanza sasa, kushikwa kiuno na mkwe mchana kweupe, majirani wakihesabu. Afadhali ziwa limchukue na luor yake. Jumamosi mke wangu alikwenda kumwona, akanipigia simu kutoka Magunga akilia. Alisema uso wa mama umekuwa mkubwa, macho yamezama, na usiku analala ameketi kwa sababu akilala chali hapati pumzi. Mimi nilikuwa Migori, nimeliegesha gari mbele ya nyumba, siwezi hata kulitazama. Nilijichukia. Nilikuwa nimewafunga mkanda mamia ya watu wasionihusu, na huyu mmoja aliyenipa mke nimemfungia njia.

Aliyetuokoa ni shangazi wa mke wangu, dada wa marehemu baba mkwe, mama wa Sindo aliyeuza samaki miaka arobaini na kujua Kiswahili cha sokoni kuliko mimi niliyekisomea. Aliniita. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, akaniacha nimesimama makusudi. Aliniuliza kama huko nilikokuwa nilienda kutafuta kazi au nilienda kuuza akili. Nikasema nilienda kutafuta kazi. Akasema basi akili iko wapi.

Alipomaliza kunichapa kwa mdomo akatoa masharti. Ningetuma leso mpya mbili, kanga za kujifunga, na sukari, zipelekwe na mtu mwingine, mimi nisikanyage. Mama angeketi nyuma. Shangazi mwenyewe angeketi naye na kumfunga mkanda yeye. Hapo nikalazimika kusema, kwa uoga, kwamba nyuma yangu hasa haiwezekani, kwa sababu upande wa kulia mkanda unashukia palepale kwenye mrija wa kifuani. Ni lazima akae nyuma kushoto. Shangazi akawaza. Akasema, nyuma kushoto si utakuwa unamwona kwenye kile kioo chako? Ndipo nikamkumbuka yule bwana wa Doha, na kwa mara ya kwanza nikamshukuru. Nikamwambia kioo nitakigeuza kitazame dari, nitaendesha kwa vioo vya pembeni. Hakuridhika. Leso moja kati ya zile mbili ikafungwa kwenye vishikio vya juu ya milango, ikashuka nyuma ya viti vya mbele mpaka chini, ukuta kamili.

Jumanne iliyofuata alitoka. Alikuwa amevimba hivi kwamba viatu vilikataa, amevaa sandali za plastiki za marehemu mumewe. Shangazi akamwingiza, akamfunga. Nilikaa mbele nimeshika usukani kwa mikono miwili, natazama barabara, sigeuki, kama niko kwenye mtihani wa leseni. Niliwasha injini na yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake. Nikasikia sauti ya mama nyuma ya leso, dhaifu, ikimwitikia salamu.

Tukawa tunaenda hivyo. Wiki kwa wiki uvimbe ukapungua, viatu vyake vikakubali tena. Na polepole mazungumzo yakaanza, ila si kati yetu. Mama alimwambia shangazi, "Muulize huyo," na mimi, niliyekuwa nimesikia kila kitu kutoka umbali wa mkono mmoja, nikangoja shangazi aniulize. Kisha nikamwambia shangazi amwambie mama hivi na hivi. Shangazi alirudia neno kwa neno, mara nyingine akiongeza chumvi yake.

Alitaka kujua magari ya huko. Nikamsimulia viti vya Doha vinavyopuliza baridi na vya Uingereza vinavyopasha moto. Alicheka ile ya mimi kudhani nimejikojolea mpaka shangazi akaniomba nisimame kidogo. Kisha naye akatoa maoni yake, kwa shangazi. Alisema zamani akifanya biashara ya omena, dagaa wa ziwani, alikuwa akipanda juu ya lori, juu ya magunia, kutoka ufuoni mpaka Migori na hata mpakani, na kwamba hakuna kiti cha gari kinachoshinda gunia la omena ambalo halijajazwa sana. Linakushika ulivyo. Linakubali nyonga zako. Ubaya wake ni harufu. Mimi mtaalamu nikabisha, nikaeleza habari za sponji na mwegemeo wa mgongo, na shangazi akatafsiri ubishi wangu kwa maneno mafupi: "Anasema hajawahi kulikalia." Kweli sikuwahi.

Siku nyingine akauliza huko kwa Wazungu mama mkwe huketi wapi. Nikasita. Shangazi akanihimiza. Nikasema huketi mbele, karibu na mkwe, na wakikutana hukumbatiana, hata kubusiana shavuni. Tukapita kundi zima la mbuzi.

"Muulize," mama akasema, "na bado mvua hunyesha kwao?"

Nikasema hunyesha karibu kila siku. Nikamsikia akiguna. Akasema basi yeye hamwelewi Mungu.

Nilianza kuzipenda siku hizo, nakubali. Nilijua kila shimo kati ya Sindo na Mbita, nikalikwepa kila moja kwa ajili ya mgongo nisiouona. Uendeshaji wangu ukabadilika. Niliacha kumulika watu, nikaacha kushindana na pikipiki. Shangazi alisema naendesha kama mtu aliyebeba mayai ya jirani.

Lakini mwili wa mama ulikuwa unachoka na kitu kingine, si barabara. Mashine ile humtoa mtu nguvu, akitoka pale anatetemeka baridi katika joto la Homa Bay. Na alikuwa amekatazwa maji, kikombe kimoja na nusu kwa siku, basi. Mke wangu aliniambia kwamba jambo hilo ndilo linalomuuma kuliko sindano, kuzaliwa kando ya ziwa na kuhesabiwa mafunda. Nilisikia, nikasema pole, nikadhani yatapita.

Ijumaa moja shangazi hakuwepo, alikuwa matangani Karungu. Mke wangu alikuwa anasimamia mitihani. Nilifika Magunga nikiwa na hakika kwamba mama hatatoka, maana kukaa mimi na yeye peke yetu ndani ya gari, hata na leso, ni jambo la kuzungumzwa mwaka mzima. Nilisimama nje ya boma na kupiga honi moja fupi. Akatoka. Mkoba mkononi. Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaketi, nikasikia mkanda ukilia. Alikuwa amejifunza.

Tulikwenda mpaka tukaipita Sindo bila sauti yoyote ila injini. Hakuna wa kubeba maneno. Nilitaka kumuuliza kama baridi ya kiyoyozi imezidi, kama nipunguze, sikuweza. Ziwa lilikuwa upande wetu wa kushoto, upande wake, na niliona kwenye kioo cha pembeni kwamba ameshusha dirisha. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili.

"Gari," akasema. "Wewe gari. Mwambie dereva wako nimechoka. Mwambie ageuze, anirudishe nyumbani, na asije tena Jumanne."

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Nilijua anachosema. Hakuwa anazungumzia usingizi.

Na hebu fikiria nilivyobanwa. Doha, abiria akisema geuza, unageuza, hata neno huulizi. Uingereza, kuna mzee mmoja aliwahi kuniambia njiani, kwa upole kabisa, kwamba hataki tena hospitali, nimrudishe kwenye kiti chake cha dirishani. Sheria yetu ilisema uamuzi ni wake. Nikapiga simu ofisini, nikaandika ripoti, nikamgeuza. Aliniinulia kidole kimoja cha shukrani nilipomwacha mlangoni. Wiki ya pili yake walinipa mzee mwingine wa kumpeleka. Na hapa kwetu, mkwe hapingani na mama mkwe, hata akisema jua ni mwezi. Mabara matatu yote yalikuwa yananiambia geuza.

Ningeweza kulijibu gari. Hiyo ndiyo njia aliyonifungulia, kwa heshima, ili nikubali bila sisi kuongea. Badala yake nikasema naye, bila mtu katikati, huku nimelitazama ziwa.

"Mama, sigeuzi."

Pikipiki ikapita na magodoro mawili.

"Nikikugeuza leo nitakuwa nimekuheshimu mpaka kaburini," nikasema. "Siitaki heshima hiyo. Nitamwambia nini binti yako? Nami pia, mama, mimi mwenyewe nitabeba nani?"

Nilingoja asikie aibu kwa niaba yangu, nilingoja afungue mlango ashuke, kama alivyoshuka siku ile, aanze kutembea kurudi Sindo kwa miguu. Ningemfuata nyuma na gari, sijui mpaka wapi. Hakushuka. Baada ya muda nikatia gia, nikaondoka polepole kuelekea Mbita, na kila kijia cha pembeni tulichokipita nilikuwa nakitazama nikiogopa ataniambia niingie hapo nigeuke.

Homa Bay akashuka mwenyewe, akaenda kwenye mashine bila kutazama nyuma. Nilikaa garini saa zote nne. Sikula. Nilijiambia kwamba nimemshinda mama mgonjwa kwa sababu mimi ndiye niliyeshika usukani, na kwamba huo si ushindi. Nilijiambia pia kwamba Jumanne nitafika Magunga na kuukuta mlango umefungwa, na safari hii hakutakuwa na leso wala sukari ya kuufungua. Nilimwandikia mke wangu ujumbe, nikaufuta.

Saa zilipotimia niliingia ndani, nikasimama penye mlango, hatua chache kutoka kwake, nikiangalia sakafu kama inavyotakiwa. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi amejifunika shuka, anatetemeka. Muuguzi alikuwa na kadi yake mkononi na kalamu, na akauliza, kama anavyouliza kila mara, aandike siku gani nyingine. Siku zote aliyejibu ni shangazi. Muuguzi akanitazama mimi. Nami sikufungua mdomo, kwa sababu jibu hilo halikuwa langu.

"Andika Jumanne," mama akasema.

Muuguzi akaandika. Mama akajivuta shuka mabegani, akaelekeza midomo upande wangu bila kunitazama.

"Na umwambie huyo kichwa ngumu aje mapema. Nikichelewa wananipa ile mashine ya karibu na mlango, na pale kuna upepo."

Muuguzi alinigeukia, akaanza kunieleza, polepole na kwa ukamilifu, kwamba Jumanne nije mapema. Nikamwomba amwambie mama kwamba nimesikia, nitakuwa Magunga kabla jogoo hajamaliza.